Mbegu Niliyoimeza Bado Haijaota

Nilipokuwa na umri wa miaka sita nilimeza mbegu ya chungwa kwa bahati mbaya, na kaka yangu, aliyenizidi miaka minne na kwa sababu hiyo akawa bingwa wa kila jambo, akanieleza kwa utulivu wa daktari kwamba mti ungeota tumboni na matawi yangetokea masikioni. Kwa siku mbili tatu nilikunywa maji kidogo mno, nikiamini kwamba mbegu isiponyweshwa haichipui. Nikikumbuka leo sishangai ujinga wangu. Nashangaa jinsi nilivyoupangilia. Juu ya msingi wa uongo nilijenga utaratibu kamili wa kujiokoa, na mti ulipokosa kuota nikahesabu kwamba utaratibu wangu umefanya kazi.

Ndivyo zinavyoishi imani nyingi za utotoni. Mtoto hufikiri sana akiwa na taarifa chache, na kila kinachotokea hukigeuza kuwa ushahidi. Usiku mmoja mimi na kaka tulibishana kuhusu mwezi, kila mmoja akidai kwamba unamfuata yeye, tukakubaliana kutembea kila mtu upande wake ili mwongo ajulikane. Tuliporudi, kila mmoja alikuwa na uhakika kuliko mwanzo. Mwezi uko umbali wa wastani wa kilomita 384,400, kwa hiyo hatua mia za mtoto hazibadilishi hata kidogo mahali unapoonekana angani, ilhali miti iliyo karibu inaachwa nyuma. Tulichokiona kilikuwa sahihi kabisa, tulikosea maana yake tu.

Imani za namna hiyo hazihitaji ushauri wa mtu yeyote. Husemwa kwa sauti, watu hucheka, mwenyewe naye hucheka, zikaisha. Zinazostahili kushughulikiwa ni zile ambazo mtoto hakuwahi kumwambia mtu, kwa maana lisilosemwa halina wa kulisahihisha.

Yangu ilikuwa hii. Nikiwa na miaka minane niligombana na kaka, nikaenda kununa nyuma ya nyumba, na moyoni nikatamani aanguke. Jioni ileile alianguka kutoka mtini akavunjika mkono. Alifungwa plasta nyeupe, na kwa wiki kadhaa mimi ndiye niliyemfunga kamba za viatu kila asubuhi, nikiwa nimeinama ili asinione usoni, kwa kuwa nilijua ni nani aliyemvunja. Nilikua, nikasoma, nikaweza kumweleza yeyote bila kusita kwamba wazo halivunji mfupa. Hata hivyo, kila nilipogombana na mtu nilimpigia simu kabla ya kulala, nikijifanya nina jambo la kuuliza, ili tu nisikie kwamba yu mzima. Tabia hiyo niliiita upole.

Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, katika utafiti alioutoa mwaka 1932, aliwasimulia watoto kisa cha mwenzao aliyeiba matofaa, akatoroka, kisha akaanguka mtoni alipovuka daraja bovu. Alipowauliza kama angeanguka hata kama asingeiba, wengi wa wale wadogo walijibu kwamba asingeanguka, kana kwamba mbao zenyewe zilimtambua mwizi. Niliposoma hayo nikiwa mtu mzima nilijiona nimekaa miongoni mwa watoto wale.

Nianze basi na lililonisaidia kwanza, nalo ni kuiandika imani kwa sentensi kamili. Kusema kwamba najisikia vibaya baada ya ugomvi ni kueleza hali, na hali haina hoja ya kujibiwa. Kuandika kwamba “nikimkasirikia mtu, atadhurika” ni jambo jingine, kwa sababu sentensi hiyo inaweza kuhesabiwa. Niliorodhesha watu niliowahi kuwakasirikia hasa, nikafika arobaini na kitu, nikachoka. Wote walikuwa salama, na mmoja wao alipandishwa cheo wiki ileile niliyomlaani kimoyomoyo, jambo ambalo nakiri halikunifurahisha. Kumbukumbu yangu ilikuwa imelihifadhi tukio moja lililoafikiana na hofu na kuyatupa mengine yote.

La pili, mrudie aliyekuwapo. Nilimweleza kaka nikiwa na miaka 34. Alicheka, kisha akanyamaza kwa muda, halafu akasema kwamba siku ile alikanyaga tawi kavu akifuata mpira, na kwamba kwa miaka mingi yeye aliamini ameanguka kwa sababu asubuhi yake alimdanganya mama. Mkono mmoja uliovunjika ulikuwa na wakosaji wawili, kila mmoja akijificha kwa mwenzake, na tawi kavu halikuwahi kushtakiwa. Kwa sababu hiyo huwasihi wazazi ninaowafahamu wamuulize mtoto, baada ya ajali au ugonjwa nyumbani, anadhani limetokeaje. Jibu lake linaweza kuwashtua.

Usitarajie, hata hivyo, kwamba imani itafutika. Mwaka 2012 watafiti wawili wa Marekani, Andrew Shtulman na Joshua Valcarcel, waliwataka wanafunzi wa chuo waamue haraka kama sentensi walizopewa ni za kweli au si za kweli. Pale ambapo sayansi inapingana na fikra za kitoto walichelewa zaidi kujibu na kukosea zaidi, ingawa sayansi hiyo walikuwa wamefundishwa. Watafiti walihitimisha kwamba elimu huikandamiza fikra ya zamani bila kuiondoa. Hilo lilinipa nafuu kubwa, kwani nilikuwa nikijiona mjinga kila hofu iliporudi. Sasa naichukulia kama mpangaji wa zamani anayebisha hodi kwa mazoea: namsikia, simfungulii.

Juzi tulibishana na kaka kuhusu jambo la kifamilia, na tukaachana kwa maneno makali. Saa nne usiku mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye simu. Niliuona, nikaiacha simu mezani, nikalala. Alfajiri ikaita. Alikuwa yeye, akidai kwamba anataka tu kuniuliza jambo dogo.