Kumpa kaka ini: anza na vipimo vyako

Pole na uuguzi, dada wa Mbagala. Unauliza kama unaweza kumpa kaka yako kipande cha ini, naye ana sirosisi (ini lililojaa makovu) ya homa ya ini B na mmeshauriwa kwenda India.

Kabla ya viza, pima hapahapa Dar. Kundi la damu kwanza: O humpa yeyote, na chanya au hasi haizuii. Kisha homa ya ini B. Usiridhike na kile kipimo cha haraka cha HBsAg, kinachoonyesha kama una virusi sasa. Omba na anti-HBc, kinachoonyesha kama uliwahi kuambukizwa. Ndugu wa tumbo moja mara nyingi huambukizwa na mama wakati wa kuzaliwa, na wengi hawajui.

Linalokwamisha mara nyingi ni ukubwa wa ini. Upande wa kulia, ambao ndio hukatwa mara nyingi, ni takriban asilimia 60 ya ini, na kwako lazima ibaki angalau asilimia 30 hadi 35. Siti skani ndiyo hupima. Ini lenye mafuta mengi hukataliwa, ila ukipunguza uzito linaweza kukubalika baadaye.

Kaka asikatishe tenofovir, dawa ya virusi vya homa ya ini B, hata siku moja, wala asiguse diklofenaki (dawa ya maumivu) na miti shamba. Akitapika damu, akipata choo cheusi kama lami, au akianza kuchanganyikiwa, mkimbizeni hospitali usiku huohuo.

Mkichangishana, hesabuni pia takrolimasi, dawa ya kuzuia mwili usilikatae ini jipya, atakayoinywa maisha yote. Kiwango chake hupimwa kwenye damu asubuhi, kabla hajameza dozi. Akimeza kwanza, majibu yanapotosha.