Swali la Kihispania: kwa nini siyo "yo gusto el café"?

SWALI: Mwalimu shikamoo. Mi natembeza watalii huku Arusha, Kihispania najifunza mwenyewe kwa simu. Nilimwambia mgeni "yo gusto el café", nikimaanisha napenda kahawa, akacheka, akasema ni "me gusta". Kesho yake nikasema "me gusta los elefantes", akanirekebisha tena eti "me gustan". Sasa nishike lipi?

JIBU: Marahaba. Simu yako imekudanganya kidogo, imekwambia gustar ni kupenda. Siyo kupenda bwana, ni kupendeza, na hapo ndo kila kitu kinapogeuka.

We ukiumwa kichwa unasemaje? Kichwa kinaniuma. Mwenye kitenzi ni kichwa, wewe umebanwa pale katikati kama -ni-. Yakiwa macho unasema yananiuma, -ni- haijaguswa ila mwanzo umebadilika kwa sababu macho ni mengi. Basi Kihispania ni hivyohivyo, me duele la cabeza, me duelen los ojos, na gustar inafuata njia hiyohiyo: me gusta el café (kahawa inanipendeza), me gustan los elefantes (tembo wananipendeza). Usihesabu watu wanaopenda, hesabu kinachopendwa. Hata mkiwa kumi mnapenda kahawa ni nos gusta, haiwi gustamos.

Halafu -ni-, -ku-, -m-, -tu-, -wa- zetu kwao ni me, te, le, nos, les, na ukiwasemesha wengi kule Hispania utasikia pia os. Ukitaja jina weka a mbele yake na le usiitoe: a Pedro le gusta el té (Pedro chai inampendeza). Sisi si tunasema nimemwona Juma, -m- ipo na Juma yupo? (Najua mtaani wapo wanaosema nimeona Juma, lakini we nielewe.)

Vitenzi navyo, viwe viwili viwe vitatu, gusta inabaki ya umoja: me gusta cantar y bailar, kama kuimba na kucheza kunanipendeza. Na hiyo el au los, kale kaneno kanakokaa mbele ya jina la kitu, usiiruke, "me gusta café" ndo kosa letu sisi ambao lugha yetu haina vitu hivyo.

Kutopenda ni rahisi, no inatangulia: no me gusta el pescado (samaki hanipendezi). Ukitaka kukataa kabisa ongeza nada, no me gusta nada (hakinipendezi hata kidogo). Ila odiar, kuchukia, ni kitenzi cha kawaida, mwenyewe ndo unachukia, odio el ruido (nachukia kelele), so hapo me haina kazi. Kitu ukikipenda sana sema me encanta na uishie hapohapo, mucho usiongeze, sana imeshakuwa ndani.

Sasa kwa kazi yako hii hapa muhimu: mgeni usimwambie me gustas. Ukishamwambia hivyo umemtongoza, na kama mumewe yuko siti ya nyuma ya gari utajijua. Kama umemwona tu mtu poa sema me caes bien.

Na mgeni akisema no me gusta la lluvia na we mvua huipendi, mjibu a mí tampoco (hata mimi hainipendezi). Ukisema a mí también (mimi pia) utamchanganya, maana también ni ya kuitikia anayependa, na yo también ndo kabisa usiijaribu hapo.