Jibu: Nimemaliza Confucius, mbona hakuna kilichobaki?

Ndugu, umesema umemaliza sura zote 20 za Mazungumzo ya Confucius, mwanafalsafa wa kale wa China, kwa wiki moja na hukumbuki kitu. Tatizo ni mbio. Zhu Xi (1130–1200), mwanazuoni wa China aliyeviweka pamoja Vitabu Vinne, yaani vitabu vya msingi vya mafundisho ya Confucius, aliwaambia wanafunzi wake: ukiweza kusoma herufi 200 za Kichina (kila moja ni kama neno), soma 100 tu, ila hizo 100 zifanyie kazi kwelikweli.

Tazama sentensi ya kwanza kabisa ya Mazungumzo, ile ya kujifunza na kurudia. "Kurudia" hapo kwa Kichina ni xi, 習, na sehemu ya juu ya herufi hiyo ni mabawa. Zhu Xi aliifananisha na ndege anayeruka tena na tena. Kwa hiyo ni mazoezi, si kupitisha macho, na hapo ndipo wengi wetu tunapokwama.

Chukua kifungu kimoja kwa siku. Kisome kwa sauti, mdomo, jicho na akili viwe mahali pamoja. Akili ikitoka, anza upya. Funika kitabu, kieleze kwa maneno yako. Maelezo ya wafafanuzi yafungue baada ya hapo, maana ukianza nayo utabeba mawazo yao na matini yenyewe hutaiona. Kesho anza na cha jana.

Tena, Zhu Xi hakuanzia hapo ulipoanzia. Katika Vitabu Vinne hivyo, alitaka kitangulie Elimu Kuu, kifupi mno, ndipo Mazungumzo, halafu Mencius, kitabu cha mwanafalsafa wa jina hilo, mwisho Njia ya Kati, ambacho ndicho kigumu zaidi.