Jibu: Jani linabaki kahawia kwenye kipimo cha wanga

Habari mwalimu. Umesema jani linabaki kahawia ukilidondoshea aiodini (dawa ya kahawia inayogeuka bluu-nyeusi ikikuta wanga), ingawa umelichemsha.

Anza na mmea, maana hukuutaja. Kitunguu hakifai kabisa: majani yake huweka sukari, si wanga. Chukua jani la maharage lililopigwa jua kwa saa zisizopungua 4. La alfajiri limeshatumia wanga wake usiku.

Lichemshe dakika 1, kisha litie kwenye spiriti iliyo ndani ya chombo cha maji moto hadi lipauke. Kijani kikibaki kitaficha rangi. Tafadhali zima moto kabla ya kumimina spiriti, mvuke wake huwaka upesi sana! Spiriti hulifanya jani likakamae, kwa hiyo lichovye kwenye maji moto lilainike, ndipo udondoshe aiodini.