Umechaguliwa kwenye mabadilishano ya walimu? Usirudi na bango

Mwalimu mmoja ameniandikia akiwa na furaha tele: amechaguliwa kwenye mabadilishano ya kimataifa ya walimu kuhusu akili ya hisia (uwezo wa kutambua na kumudu hisia) na elimu jumuishi. Anauliza, "Nirudi na nini?" Hongera, mwalimu. Chochote, ila bango la hisia.

Wengi hurudi nalo. Ni lile la rangi 4: nyekundu kwa aliyechachamaa, njano kwa aliyechangamka, bluu kwa aliyenyong'onyea, kijani kwa aliyetulia. Mtoto akiingia darasani anaonyesha yuko wapi. Wazo lenyewe halina ubaya. Linapima mambo 2: mwili una nguvu kiasi gani, na hali inapendeza au inakera. Shida huanza linapobandikwa ukutani kama lilivyokuja.

Kwanza, rangi. Wapo watoto, wavulana zaidi, ambao macho yao hayatofautishi vizuri nyekundu na kijani. Kwa mtoto huyo, hasira na utulivu vinafanana, na bango la ujumuishi limeshamwacha nje. Kila rangi ipe na umbo lake: pembetatu, duara, mraba, nyota. Kwa asiyeona, gundisha kitu cha kugusa kwenye kila sehemu, mfano msasa, pamba, kamba na kifungo.

Pili, maneno, na hapa ndipo tunapopotea zaidi. Bango hutafsiriwa neno kwa neno, ilhali Kiswahili kina migao yake. Aliyefiwa ana uchungu, aliyeonewa naye ana uchungu. Kinyongo ni hasira iliyolazwa, haionekani usoni. Mwenye haya huinamisha macho hata kama hana kosa, kwa hiyo usimwekee "aibu". Na mtoto anayesema "nimechoka" saa ya hesabu mara nyingi ameshakata tamaa, hana uchovu wowote. Wagawie wanafunzi karatasi zisizo na majina, waandike moyo unakuwaje mtu anapoonewa, anaposifiwa, anaposhindwa. Chagua maneno 12 kati ya hayo, yanatosha kuanzia.

Cha kurudi nacho ni yale anayofanya mwenyeji wako mtoto anapovurugika, mpaka anaporudi kwenye kazi. Keti nyuma ya darasa, chagua mtoto mmoja tu, mwangalie kwa dakika 20. Piga safu 3 kwenye karatasi: muda, mwalimu kafanya nini, mtoto kafanya nini. Usiandike "mwalimu ana upendo", maana hilo huwezi kulifanya Jumatatu. Andika "amechuchumaa, amenyamaza, amemwachia kalamu, ameondoka". Hesabu pia ukimya baada ya swali. Mary Budd Rowe, aliyechunguza masomo ya sayansi Marekani, alikuta walimu wakisubiri kama sekunde 1 tu. Waliposubiri 3 au zaidi, majibu yalirefuka na waliozoea kunyamaza wakaanza kujibu. Sekunde 3 hazigharimu kitu, na wala hazihitaji ufadhili.

Vikao vya mtandaoni huharibiwa na saa. Ukiandika "tukutane saa 2 usiku", wewe una maana ya 20:00, mwenzako wa nje ataisoma 02:00, ataamka usiku wa manane kukungoja. Andika kwa mtindo wa saa 24 na utaje UTC, yaani saa ya marejeo ya dunia nzima. Machi iangalie mara mbili: Marekani husogeza saa Jumapili ya pili ya mwezi, Ulaya Jumapili ya mwisho, hivyo kwa wiki 2 au 3 tofauti kati yao hubadilika.

Kama kuna kiziwi kati yenu, usiulize tu "mkalimani yupo?" Uliza wa lugha gani. Lugha ya alama ya Marekani na ya Uingereza ni mbili tofauti, ingawa nchi zote zinaongea Kiingereza. Kwa kikao kirefu wanatakiwa wakalimani 2 wa kupokezana kila dakika 20 hadi 30, na slaidi wazipate wiki moja kabla. Kumwita mtu mmoja asubuhi ya siku yenyewe ni kumdharau yeye na kiziwi pia.

Ukirudi, jaribu jambo moja, darasa moja, wiki 4. Salamu ya hisia asubuhi isizidi dakika 5, la sivyo itameza kipindi na wenzako wataichukia. Mtoto awe na ruhusa ya kusema "napita", yaani asijibu, na asilazimishwe kueleza mbele ya wenzake kwa nini yuko kwenye bluu. Lakini akiwa kwenye bluu siku 5 mfululizo, nani anaambiwa? Kama shule haina mshauri wa wanafunzi, kubaliana na mwalimu mkuu juu ya jina la mtu mmoja kabla hujauliza darasa lolote linajisikiaje.