Maswali ya Wasomaji: Kinu cha Kahawa Kilichochangiwa Kabla ya Kuundwa

Ndugu Mwandishi, mwaka juzi nilichangia mradi wa kinu cha mkono cha kusagia kahawa kupitia tovuti ya kuchangisha fedha. Waundaji waliahidi kukituma baada ya miezi 6. Kilifika baada ya miezi 17, nami nikatakiwa kulipa kodi ambayo sikuwa nimeiwekea akiba. Umbo lake linapendeza, na mpini wake huzungushwa ubavuni kama wa cherehani ya mkono, kwa hiyo sichoki. Tatizo ni kwamba nikisaga kahawa ya kuchuja kwa karatasi, kwa namba iliyoandikwa katika maelezo, hutoka vumbi jingi pamoja na chenga, na kikombe kinakuwa kichungu na chenye uchachu kwa wakati mmoja. Nikisoma maoni ya wenzangu wenye kinu hichohicho, nusu yao wanakisifu na nusu wanajuta. Je, nimepata kinu kibovu, au ni mimi nisiyejua kukitumia? Na je, ninaweza kudai fedha zangu?
*Msomaji wa Sinza*

Dada yangu, uchungu na uchachu vikikutana katika kikombe kimoja, mara nyingi kinachostahili kushukiwa kwanza ni ukubwa wa unga usiolingana. Vumbi hutoa karibu kila kilichomo ndani yake mara tu maji ya moto yanapoligusa, kisha huendelea kutoa uchungu wakati ambapo chenga bado hazijalowa hadi katikati. Ukiongeza muda wa kuchuja ili chenga zitoe ladha, vumbi linazidi kuwa chungu. Ukiupunguza, chenga zinakuachia uchachu. Kwa hiyo si kweli kwamba hujui kupika kahawa.

Kabla hujakihukumu kinu chako, kifanyie majaribio mawili. Toa punje zote, kaza pete ya kurekebishia ukubwa wa unga mpaka meno ya kusagia, yaani la ndani linalozungushwa na mpini na la nje lililotulia, yagusane, kisha ilegeze kidogo sana na uzungushe mpini polepole huku umetega sikio. Mkwaruzo ukisikika kwa usawa katika mzunguko wote, meno yamekaa vizuri. Ukisikika katika nusu moja ya mzunguko na kupotea katika nusu nyingine, jino la ndani halimo katikati ya jino la nje. Baada ya hapo legeza pete hadi kwenye namba unayotumia kwa kahawa ya kuchuja, ushike jino la ndani kwa vidole na ulitikise. Likicheza, umeupata ugonjwa wenyewe.

Sababu yake imo katika muundo. Vinu vingi vya bei ya wastani vina mhimili, yaani ule ufito wa chuma unaozungushwa na mpini, unaoshikiliwa upande wa juu tu, na ncha ya chini, ambayo ndiyo inayobeba jino, imeachwa bila kitu cha kuizuia. Meno yakiwa yamekaribiana, punje zenyewe huubana mhimili ukatulia. Kadiri unavyolegeza pete ndivyo jino linavyopata nafasi ya kuyumba, upande mmoja ukapitisha chenga na upande wa pili ukasaga vumbi. Naamini hapa ndipo inapotokea ile tofauti ya maoni iliyokushangaza. Wanaokisifu wengi wao watakuwa wanasaga unga laini wa espreso au wa kahawa ya kuchemsha, na wanaojuta wanasaga unga mnene wa kuchuja. Kinu ni kilekile, na pande zote mbili zinasema kweli.

Nami niliwahi kuchangia kinu cha mkono kwa njia hiyohiyo, nacho kilikuwa na kasoro hiihii. Nilikipeleka kwa fundi wa kukereza vyuma Gerezani, akapima mhimili na kunitengenezea bushi ya kuushikilia kwa chini. Mtikisiko haukuisha wote, lakini chenga zilipungua kiasi cha kuonekana kwa macho. Ukifuata njia hiyo, mwambie fundi mapema kwamba ni chombo cha chakula, asije akapaka grisi au oili ya mashine mahali ambapo unga unapita. Kama hutaki kukifungua, saga kwa namba iliyo laini kidogo kuliko unayoelekezwa, chekecha unga kwa sekunde chache katika chujio la chai lenye matundu madogo sana, mwaga vumbi lililopita, halafu chuja kwa muda mfupi kuliko ulivyozoea. Utapoteza kahawa kidogo, na kikombe kitakuwa safi.

Kuhusu fedha sina habari ya kukufurahisha. Mchango wa namna hii si ununuzi wa dukani. Kickstarter, tovuti iliyoanza mwaka 2009, inasema wazi kwamba yenyewe si duka: mradi usipofikia lengo lake hakuna anayekatwa fedha, lakini ukifikia, fedha hukabidhiwa mwenye mradi baada ya tovuti kukata asilimia 5 yake pamoja na gharama za malipo, na wajibu wa kutimiza ahadi unabaki kwa mwenye mradi. Utafiti wa Ethan Mollick wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, uliotolewa mwaka 2015, ulikuta kwamba takribani asilimia 9 ya miradi ya Kickstarter iliyofanikiwa kuchangisha haikuwapa wachangiaji walichoahidiwa, na utafiti wake wa awali ulionyesha kuwa zaidi ya robo tatu ya miradi aliyoichunguza ilichelewa. Wewe umo katika hilo kundi kubwa la waliocheleweshewa. Aliyelipa kwa kadi anaweza kupinga malipo benki, ila kuna muda maalumu wa kufanya hivyo, na aliyesubiri kwa uvumilivu miezi 17 mara nyingi hukuta muda huo umekwisha. Hilo linaniuma, kwa sababu anayeumia ni yule aliyekuwa mwungwana.

Kodi nayo ilikuwa ikikungoja tangu mwanzo. Forodha yetu huhesabu thamani ya mzigo pamoja na nauli na bima, ikaongeza ushuru wa forodha kwa viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki, kisha ikatoza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 juu ya jumla hiyo. Anayechangia kwa kuangalia bei ya kwenye tovuti peke yake hajaiona bei halisi. Tena chapisha uthibitisho wa malipo na uwe nao siku ya kuchukua mzigo.

Mwandishi mwanangu, kijana wangu anayeishi Ujerumani alichangia kinu cha namna hiyo akanitumia kama zawadi. Mimi hununua buni ghafi za Kagera na kuzikaanga mwenyewe nyumbani. Wiki iliyopita kinu kilitoa mlio mkali kikakwama, na fundi alipokifungua akakuta jino jeupe limemeguka pembeni. Je, anaweza kuliunga kwa gundi?
*Mzee wa Ilala*

Mzee wangu, shikamoo. Nakuomba usikubali gundi. Jino hilo jeupe ni la kauri, ambayo ni ngumu sana na haishiki kutu, lakini haivumilii pigo: chuma hupinda au huingia kipengo kidogo, kauri humeguka. Kiungo cha gundi kitasagwa pamoja na kahawa na utakinywa. Unga wote uliosagwa tangu siku ya ule mlio umwage, kwa kuwa vipande vyembamba vya kauri havionekani kwa urahisi.

Kilichokivunja kinu chako nakidhania kuwa kijiwe. Robusta nyingi ya Kagera hukaushwa na maganda yake, na inapoanikwa chini mawe madogo huokotwa pamoja nayo. Mchi wa mbao humsamehe mtu kosa hilo, kauri haisamehi. Kabla ya kukaanga, zimwage buni kwenye ungo, uzipepete na kuzichambua kama mchele, kisha uzichambue tena baada ya kukaanga, kwa sababu kijiwe hakibadiliki rangi kama punje na hapo hukiona upesi.

Mwambie kijana awaandikie waundaji awaulize kama wanauza meno peke yake. Wakiwa hawapo tena, fundi atakuundia mpini, nati au springi, lakini meno ya kusagia yana michongo inayopungua kina kuelekea chini, na sijapata kumwona fundi wa hapa aliyeichonga vizuri kwa kinu kidogo hivyo. Wakati unasubiri, rudi kwenye kinu cha kutwangia na mchi wake bila wasiwasi. Kahawa ya mdila huchemshwa, unga wake unatakiwa uwe laini, na vumbi linalomsumbua dada wa Sinza kwako si kasoro hata kidogo.

Ndugu Mwandishi, meno ya kinu changu ni ya chuma. Niliyaosha kwa maji na sabuni, siku mbili baadaye yakawa na kutu. Sasa nasikia watu wanashauri kutia tone la maji kwenye punje kabla ya kusaga. Nifuate lipi?
*Msomaji wa Kigamboni*

Kuosha na kutia tone ni mambo mawili tofauti. Hewa ya pwani ina unyevu na chumvi, na meno yaliyooshwa hubaki na maji katika michongo ambayo kitambaa hakiifikii. Yasafishe kwa brashi kavu kila baada ya kusaga, na usiyaoshe tena. Kutu iliyopo, kama ni ya juu juu tu, itatoka kwa brashi ngumu. Baada ya hapo saga punje kiasi cha konzi moja na uzitupe.

Tone lina sababu yake. Punje zinapopasuka na kusuguana hujenga umeme tuli, unga ukanata kwenye kuta za kinu na kushikana mabonge. Watafiti waliokuwa pamoja na Christopher Hendon wa Chuo Kikuu cha Oregon walionyesha mwishoni mwa mwaka 2023 kwamba unyevu kidogo katika punje hupunguza umeme huo. Tone moja kwa grama 20, likikorogwa na punje kabla ya kuzimimina, linatosha kabisa, na mabaki yake huondoka kwa brashi.

Ndugu Mwandishi, kuna mradi mpya wa kinu cha mkono unaochangiwa sasa, na picha zake zinavutia sana. Nichangie?
*Msomaji wa Mbezi*

Ndugu yangu, waandikie kwanza. Waulize mhimili unashikiliwa na beringi ngapi na mahali gani, meno yana kipenyo gani na yanatengenezwa na nani, na kama yatauzwa peke yake baada ya miaka mitatu. Waulize pia kama kalibu za kiwandani zimekwisha kutengenezwa au bado wana kielelezo kimoja cha kupigia picha, maana ucheleweshaji mwingi huanzia katika safari ya kutoka kielelezo kimoja hadi maelfu ya vinu vinavyofanana. Mimi nimewaandikia mara mbili nikiomba picha ya mhimili ukiwa umefunguliwa. Wamenijibu kwa heshima wakanitumia video nyingine ya mpini unaozunguka juani. Picha ya mhimili bado sijaipata, nami sijachangia.