Mguu mmoja umekonda baada ya hogo, nifanyeje?

SWALI: Kocha shikamoo. Mwaka jana nilianguka na bodaboda nikavunjika ugoko wa kulia, nikafungwa hogo. Mfupa umeunga na daktari ameniruhusu mazoezi yote, ila paja la kulia limebaki jembamba, hata nikivaa kaptula linaonekana, na nikipanda ngazi mguu unatetemeka. Napiga skwati kila siku lakini naona unaokua ni ule ule mzima. Nakosea wapi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole sana. Shida iko kwenye hizo skwati, ukichuchumaa na miguu yote miwili mwili unauegemea ule mzima bila wewe kujua, jiangalie kwenye kioo wakati unainuka utaona kiuno kinakimbilia kushoto, yaani kila siku unamlisha aliyeshiba.

Ziweke kando kwanza. Fanya mguu mmoja mmoja, na anza na wa kulia ukiwa bado hujachoka. Tafuta stuli fupi imara au ngazi ya mlangoni, panda kwa mguu wa kulia bila kujisukuma na wa chini, halafu shuka taratibu ukihesabu moja mpaka tatu, maana kazi kubwa iko kwenye kushuka. Kulia kukichoka kwenye 8, kushoto nako fanya 8 hizo hizo hata kama unaweza 20. Usiuache kabisa huo mzima lakini, wengi wanafanya hivyo na mimi sikubaliani nao, kwa sababu ukiufanyisha kazi mishipa ya fahamu inausaidia kidogo na ule dhaifu. Seti 3, mara 3 kwa wiki, siku nyingine pumzika na ule vizuri, mayai, maharage, dagaa. Ikiwa rahisi, shika dumu la maji la lita 5.

Chukua futi ya fundi cherehani upime mapaja yote sm 15 juu ya pia ya goti, andika, rudia kila mwezi. Nguvu inatangulia, unene unachelewa miezi kadhaa, usikate tamaa. Kama unawaza mpira, ruka kwa mguu mmoja upime umbali, kulia kusipofika asilimia 90 ya kushoto uwanjani bado kabisa.

Ila goti likivimba simamisha, goti lenye maji linauzima msuli wa paja. Na ukisikia ganzi, au unyayo unaburuta, rudi hospitali mapema uonwe na mtu wa fiziotherapia.